Milimita Sita za Bibi Rosanda

Kijiwe chetu kiko Kragujevac, nyuma ya kituo cha garimoshi, ubavuni mwa gereji ya Fundi Sretko. Benchi lenyewe ni kiti cha nyuma cha basi lililokufa zamani, nacho kimebonyea katikati kiasi kwamba anayekaa hapo lazima avutwe mkono ndipo ainuke. Meza hubadilika. Kwa Sretko kuna desturi ambayo sijaiona kwa fundi mwingine: gari likiingia, kazi haianzi mpaka kahawa inywewe, na kipande cha kwanza kung'olewa kwenye gari hilo ndicho kinakuwa meza hadi gari litoke. Nimewahi kunywea kahawa juu ya boneti la trekta, na mara moja juu ya mlango wa nyuma wa gari la kubebea maiti. Siku hizo ninazosimulia, meza yetu ilikuwa mlango wa kushoto wa fića, kigari cha bibi yangu, wa samawati iliyopauka, umelazwa juu ya kreti mbili za bia. Ulikuwa umebinuka kidogo, hivyo kikombe kikiwekwa karibu na kitasa kilikuwa kinateleza, na kila mmoja wetu alishajua pa kuweka chake.

Wenye kijiwe ni watatu. Sretko tunamwita Nyundo. Amekuwa fundi bodi kwa miaka hamsini. Radojko ni Barometa, kwa sababu tangu afanyiwe operesheni ya nyonga anaeleza kila jambo la dunia kwa hali ya hewa. Vidosav ni Balozi. Alifanya kazi Stuttgart miaka ishirini na miwili na mwili wake tu ndio uliorudi. Mimi naitwa Dunja, lakini wao wananiita Vipimo, kwa kuwa nimesomea upimaji wa ardhi na utepe hautoki mfukoni mwangu.

Fića ni gari dogo, injini nyuma, tangi la mafuta mbele. Bibi Rosanda alizunguka na yake vijijini kwa miaka ishirini na sita akisoma mita za umeme. Mwaka jana, kwenye ukaguzi wa kila mwaka, mkaguzi aliingiza kidole chini ya dashibodi kikatokea upande wa pili. Raba ya kioo cha mbele ilikuwa ikivuja tangu zamani, na maji yalikuwa yamelila bati kutoka ndani. Mkaguzi akasema safari hii analipitisha, mwakani hapana. Bibi alirudi nyumbani, akatundika ufunguo kwenye msumari, akasema, "Basi, muda wake umefika. Na wangu pia." Maneno hayo matatu ya mwisho yalininyima usingizi. Toka hapo hakwenda tena popote isipokuwa kwa miguu, na magoti yake hayampeleki mbali.

Kwa hiyo alipokwenda Vrnjci siku kumi kutibu magoti kwenye maji ya moto, nilimwambia nitamwoshea gari. Nikalileta kwa Nyundo. Dashibodi ya fića haifungwi kwa skrubu. Ni bati moja pana lililochomelewa kwenye bodi, kutoka nguzo ya mlango huu hadi nguzo ya mlango ule, na kuitoa ni kuikata. Tuliikata. Mpya niliipata kwa mzee mmoja wa Subotica aliyekuwa ameihifadhi darini miaka thelathini, imefungwa magazeti, naye aliniapia kwamba hana nyingine. Asubuhi ya siku ya kumi tukaijaribisha, ikagoma. Ilikuwa pana kuliko nafasi yake kwa milimita sita. Ilikuwa saa nne na robo, na basi la Vrnjci lilikuwa linaingia saa tano na nusu.

— Sita, alisema Nyundo, akavuta funda la kahawa. — Sita ndiyo nini? Mimi nimeshaingiza basi gerejini kwa sita.

— Basi hulichomelei kwenye gereji, nikasema.

— Msikieni Vipimo! Tulia, mwanangu. Nakata tatu huku, nakata tatu kule, nachomelea, napiga msasa, bibi yako anashuka kwenye basi anakuta gari linameremeta. Atajua nini?

— Atajua.

— Atajuaje?

— Sijui atajuaje. Atajua.

Nyundo akacheka, akasogeza kikombe chake mbali na kitasa. Kando yake, kwenye mguu wa benchi, grenda ilikuwa tayari imeunganishwa umeme. Dashibodi mpya ilikuwa imelala juu ya vipande viwili vya mbao, ya kijivu, safi, haina hata mkwaruzo. Ile ya zamani, au kilichobaki, iliegemea ukuta. Kingo zake zilibaki kwenye nguzo tulipoikata, na tulizisaga zikawa vumbi, hivyo haikuwa na upana wa kulinganisha na kitu chochote.

Barometa akanyoosha mkono kama yuko darasani.

— Hamjauliza hali ya hewa.

— Tulikuwa tunakungoja wewe tu, akasema Balozi. — Haya, soma taarifa.

— Juzi jioni nyonga iliniuma upande wa nje. Upande wa nje ni joto. Bati limetoka darini, limekula joto la dari miaka thelathini, limenenepa. Chuma kinanenepa, hilo hata mtoto wa chekechea analijua.

— Kwa milimita sita? nikauliza. — Mzee Barometa, hilo bati lina sentimita mia na kumi na mbili. Ili linenepe hivyo, joto lipande karibu nyuzi mia nne na hamsini.

— Dari za Subotica unazijua wewe?

— Hapana.

— Basi.

Nikamimina kahawa nyingine kutoka kwenye kibirika cha mpini mrefu. Nikamwagia mlango. Nikaufuta haraka kwa kitambaa, nikafuta na pale palipokuwa pakavu.

— Kule Stuttgart, akaanza Balozi.

— Tumefika, akasema Nyundo.

— Kule Stuttgart kitu kisipoingia, watu hawapigi kelele, wanatazama karatasi yake. Karatasi ya hii iko wapi? Hakuna. Basi mimi nawaambieni bila karatasi: hii imetengenezwa kwa ajili ya nchi ambazo watu wanaendesha upande wa kushoto wa barabara.

— Sasa mtu akiendesha kushoto, gari lake linapanuka? akauliza Barometa.

— Wale wana viti vipana.

— Na mbona tundu la saa ya mwendo liko upande wetu? nikauliza.

Balozi aliitazama dashibodi muda mrefu, kichwa akikipinda.

— Waliligeuza.

— Akina nani?

— Hao hao.

— We Balozi, akasema Nyundo, — ungekuwa unalipwa kwa fiksi ungenunua hiyo Stuttgart yote ukaileta hapa.

— Na ningekupa kazi ya kufagia.

— Fagio ni zako. Mimi ningekuwa gerejini kwangu nakungoja uje ukarabatiwe akili.

Barometa hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa amefumba macho, mkono kwenye nyonga, na nilijua kwamba nadharia nyingine inakuja.

— Nimepata, akasema. — Bati halijanenepa. Gari limekonda.

— Limekonda!

— Mwaka mzima halikutembea. Msinicheke. Mimi baada ya operesheni nililala miezi minne nikapungua kilo kumi na moja.

— Wewe ulipungua kwa sababu mkeo aligoma kukupikia, akasema Balozi.

— Aligoma kwa sababu ya mvua.

— Ebo! Mvua inamzuia mtu kupika?

— Ile mvua, ndiyo.

Hata mimi nilicheka, kisha nikatazama saa. Saa nne na dakika thelathini na tano. Nikafungua daftari langu tena. Lilikuwa na vipimo arobaini na kimoja: urefu wa dashibodi, kina chake, tundu la saa ya mwendo, umbali wa nguzo hadi nguzo juu, katikati na chini. Nilivipima vyote mara mbili na vyote vilikuwa sahihi. Hakuna hata kimoja kilichoniambia kwa nini.

— Na kile kibanio, mwanangu, umekiona? akaniuliza Nyundo kwa sauti ya chini.

Nikatikisa kichwa. Upande wa abiria bibi alikuwa amefunga kibanio cha chuma kwa skrubu nne. Kilikuwa kinabana daftari lake la mita, kurasa zisipeperuke akiwa na kioo wazi. Siku tulipoanza kazi kibanio hakikuwepo, yalikuwepo matundu manne tu. Niliinua viti, nikatoa zulia, na vumbi lote lililokuwemo nililipitisha kwenye chekecheo la unga la nyumbani. Hakikuonekana.

— Mimi sikukigusa, akasema Nyundo. — Nakuapia.

— Najua, Mzee.

— Treni, akasema Balozi ghafla.

— Treni imeiba kibanio?

— Achaneni na kibanio, nazungumzia milimita. Treni ya mizigo inapita hapa mara ngapi kwa siku? Tatu. Umbali gani? Hatua kumi na tano. Kila ikipita inausukuma mtaa. Miaka arobaini! Mtaa mzima umebanwa, na gari limo mtaani. Upime mtaa huu, Vipimo. Nakwambia umepungua.

— Niliupima mwaka juzi, kwa kazi ya chuo.

— Na?

— Haujapungua.

— Ulipima kabla ya treni ya saa nane au baada yake?

— Kabla.

— Mnaona sasa!

Nyundo alijipiga paja. Barometa akang'ata kipande cha halua ya ratluk, sukari ya unga ikamwangukia kwenye koti. Akasema huku anatafuna, taratibu, kama mtu asiyejua anasema nini:

— Au gari limekasirika. Halikuombwa ruhusa. Mwenyewe hayupo, wanakuja watu na misumeno wanalikata uso. Mimi nisingekubali kuvaa uso mpya kama ningekuwa ndilo.

Wazee wawili wakaangua kicheko. Balozi alimpiga Barometa mgongoni mpaka ratluk ikamtoka mdomoni. Mimi sikucheka. Niliitazama fića kule ndani, imekaa juu ya matofali pembe zote nne, haina kioo, haina milango, haina dashibodi, na mwanga wa nyuma unaingia upande huu na kutokea upande ule. Nilikuwa nimemwambia bibi kwamba naliosha.

Saa tano kasoro dakika nane Nyundo alitaka kuinuka. Balozi alimvuta mkono akainuka. Akachukua chaki, akapima milimita tatu kutoka ukingo wa kushoto wa dashibodi, akachora mstari, akaenda upande wa kulia akachora mwingine. Mistari ilikuwa imenyooka vizuri. Sijamwona mtu mwingine anayechora mstari hivyo bila rula. Akavaa miwani ya kazi, akaishika grenda, akaniangalia.

— Niambie ndiyo, mwanangu. Gari ni lenu. Bila neno lako sikati.

— Na ukikata halafu ikawa tumekosea?

— Tutakuwa tumekosea.

— Hakuna nyingine, Mzee Sretko.

— Najua hakuna nyingine. Lakini bibi yako yuko barabarani. Atapita hapa na sanduku lake, atalikuta gari halina uso. Unataka alione hivyo?

Sikutaka. Nilimwona kichwani mwangu amesimama pale, kisha anageuka, anakwenda nyumbani kwa miguu, anautazama ufunguo kwenye msumari na haugusi tena. Nikasema ndiyo. Sidhani nilisema kwa sauti, lakini Nyundo alisoma midomo. Grenda ikanguruma.

Ndipo Barometa akasimama peke yake, bila kuvutwa, akavua kofia. Barometa huvua kofia mazikoni na mbele ya bibi yangu.

Nyundo alizima. Sahani ya grenda iliendelea kuzunguka muda mrefu, ikipungua sauti, mpaka ikasimama.

— Nimepanda basi la mapema, alisema Bibi Rosanda. Alikuwa amevaa koti lake la kijivu, sanduku mkono mmoja na mkoba mkono mwingine. — Yale maji yao yananuka yai bovu. Na yule mama wa kitanda cha pili anaongea usingizini na kujijibu. Siku kumi! Wazee hamjambo?

— Hatujambo, Bi Rosanda, wakaitikia wote watatu.

— Dunja.

— Naam, bibi.

— Uliniambia unaosha.

— Ndiyo, bibi.

— Kwa grenda?

Bibi alitua sanduku chini, akaenda hadi mlango wa gereji, akalitazama gari. Nilihesabu moyoni. Nilifika kumi na tisa. Hakuligusa. Aliporudi, macho yake yalipita juu ya dashibodi mpya na mistari yake ya chaki, yakapita juu ya ile ya zamani ukutani, yakatua kwenye grenda.

— Sretko, unakata nini?

— Ni pana, Bi Rosanda. Milimita sita. Napunguza kidogo tu.

— Kwa nini ni pana?

Wakaanza wote kwa pamoja. Barometa alieleza joto la dari na kukonda kwa gari, Balozi akaeleza nchi za kushoto na treni, Nyundo akasema mashine zilizoikanda zilikuwa zimechoka. Bibi aliwasikiliza mmoja baada ya mwingine, kichwa kimeinama kidogo. Nilikijua kichwa hicho. Kwa miaka ishirini na sita watu walisimama kwenye vizingiti vyao wakamweleza kwa nini mita inaonyesha inachoonyesha, kwamba ni panya, kwamba ni radi, kwamba ni jirani, naye aliwasikiliza hivyo hivyo, kisha akaenda kuitazama mita.

Walipomaliza aliinama juu ya meza yetu. Akagonga bati kwa kifundo cha kidole, mara mbili, na vikombe vinne vikalia.

— Huu mlango, akasema, — sasa hivi unafungaje?

Barometa alimtazama Balozi. Balozi alianza kusema "kule," akaishia hapo. Mimi nikapekua daftari langu, ukurasa baada ya ukurasa, ingawa nilijua. Vipimo arobaini na kimoja. Mlango haukuwemo hata kimoja. Ulikuwa wa kwanza kutoka. Kabla hatujagusa bolti nyingine yoyote ya gari hilo, tulikuwa tumeshaulaza juu ya kreti na kuumiminia kahawa.

— Ondoeni vikombe, akasema bibi.

Tuliondoa vikombe tukaviweka chini, ukutani. Wazee wawili walishika huku, mimi na Nyundo tukashika kule, tukaubeba mlango ndani na kuutia kwenye bawaba zake. Bibi aliusukuma kwa viganja viwili. Ulifunga, lakini vibaya. Nyuma ulikaa sawa, ila ukingo wa mbele ulizama ndani ya bodi, kama shati lililokosewa kifungo. Nilipima kuzama kwake. Milimita tatu. Tukaenda nyuma ya jiko la kuni tukautoa mlango wa kulia, tukautia na huo. Milimita tatu.

Hakuna aliyehitaji kujumlisha.

Nyundo aliketi kwenye kizingiti cha gari, miwani imepanda kwenye paji la uso.

— Nguzo, akasema. — Nguzo zimeingia ndani. Tumekata kilichokuwa kinazitenga, gari liko juu ya matofali, kioo hakipo, zikaegemeana. Bati liko sawa sawa. Bodi ndiyo imejikunja.

— Nilisema limekonda, akasema Barometa.

— Nyamaza, we mzee.

— Nilisema au sikusema?

— Unaacha milango, akaendelea Nyundo, hakuwa akizungumza na yeyote. — Unaacha milango mahali pake, unachomelea fito kutoka nguzo hadi nguzo, ndipo unakata. Siku ya kwanza ya kazi ndiyo unafundishwa. Na mimi nikatafuta meza. Kama ningekata lile bati, milango hii isingefunga tena maisha yake yote. Ningekuwa na mwanafunzi akafanya hivi ningemfukuza.

— Una mwanafunzi? akauliza bibi.

— Sina.

— Basi hakuna wa kumfukuza. Una jeki?

Alikuwa nayo. Tuliilaza kwa upana, kipande cha mbao huku na kipande kule, baina ya nguzo na nguzo, na Nyundo akaanza kuizungusha kwa robo mzunguko. Kila robo alisimama akaningoja nipime. Moja. Mbili na nusu. Nne. Tano. Barometa alikuwa ameshika kofia kifuani. Tano na nusu. Bodi ilitoa mlio mdogo, mfupi, nikashtuka nikadondosha utepe.

— Hilo ni gari linajinyoosha, akasema bibi. — Endelea.

Sita. Balozi na mimi tukaiinua dashibodi, tukaipitisha pale kioo kinapokaa, tukaishusha. Iliingia kama droo. Nyundo alifuta mistari yake ya chaki kwa kidole gumba, kwanza wa kushoto, kisha wa kulia, akaibana kwa vibano vinane.

— Leo naiacha hivi, akasema. — Kesho nachomelea. Milango ikiwa mahali pake.

— Milango ikiwa mahali pake, akasema bibi.

Aliufunga mlango wa kushoto. Ulitoa sauti ile ambayo nimeisikia tangu nikiwa mdogo kuliko gurudumu lake, kishindo kimoja kizito na kimlio kidogo cha kitasa nyuma yake. Akaufungua akaufunga tena. Alifanya hivyo mara nne. Kisha akaketi upande wa abiria, magoti yakimpa shida, mkoba mapajani, akapitisha kiganja juu ya bati jipya, akakisimamisha mahali fulani.

— Mimi kibanio chako sikukiona, bibi, nikasema. — Nimetafuta kila mahali. Nimechekecha vumbi. Nadhani nimekipoteza, na sikujua nitakuambiaje, na hata dashibodi nilitaka—

Alikuwa amefungua mkoba. Akatoa leso, akaikunjua mapajani. Ndani kulikuwa na kibanio, kimesuguliwa hadi kinang'aa, na skrubu zake nne.

— Umekitoa lini?

— Siku mbili kabla sijaondoka. Ulikuja ukapima tundu la saa ya mwendo mara tatu, ukaniambia unatafuta buibui. — Akavishika vile vitu mkononi kana kwamba anakadiria uzito wake. — Nikasema, huyu anakwenda kukata. Nikaona nikitoe kabla Sretko hajakitia kwenye pipa.

— Ningekitia kweli, akasema Nyundo.

— Ulijua! nikasema. — Kumbe ulijua, na ukaniacha siku kumi—

— Ningekuzuia, ungeacha. Ungeniambia ndiyo bibi, na ungeacha. — Hakunitazama. Alikuwa anaweka kibanio kwenye bati, anakisogeza kidogo kushoto, kidogo kulia. — Haya, toa huo utepe wako. Matundu yatobolewe pale pale yalipokuwa. Ukaguzi ni lini?

— Tarehe kumi na nne.

— Nani analipeleka?

— Mimi nitali—

— Wewe umeshalipeleka vya kutosha.

Nilikwenda ukutani nikapiga magoti mbele ya dashibodi ya zamani, nikapima matundu yake manne, moja moja, na kuyaandika. Kipimo cha arobaini na mbili, arobaini na tatu, arobaini na nne, arobaini na tano. Sikuona vizuri nilichoandika, ikabidi nirudie cha mwisho. Nyuma yangu Nyundo alikuwa amepika kahawa mpya, nikasikia anagawa vikombe.

— Na sasa tunaiweka juu ya nini? akauliza Barometa.

Nilihisi macho ya watu watatu yakinipita juu ya bega, yakitua kwenye lile bati la zamani, ambalo lilikuwa pana, bapa upande mmoja, na lenye urefu unaofaa kabisa kwa kreti mbili.

— Hata msiitazame, akasema bibi kutoka ndani ya gari.

Balozi akakohoa.

— Kule Stuttgart, akasema, — watu wengi wanakunywa wamesimama.

Tukanywa tumesimama.